2,147,483,647: namba moja, sifa mbili zinazochanganywa

Karani anafungua orodha ya wateja kwenye kompyuta na kukuta makumi ya watu wasiojuana wameandikiwa namba moja ya simu. Kijana anayecheza mchezo wa kwenye simu anaona alama zake zimegota mahali pamoja na hazipandi tena hata akishinda. Mtu mwingine anasoma ujumbe unaosambazwa kwamba kompyuta zote duniani zitazimika asubuhi moja ya Januari 2038. Katika visa vyote vitatu namba inayohusika ni ileile: 2,147,483,647, yaani bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, elfu mia nne themanini na tatu, mia sita arobaini na saba.

Kwa kuwa hujitokeza mara kwa mara bila maelezo, maneno mengi yamezuka juu yake. Wapo wanaosema ni namba ya matapeli, wapo wanaosema ni alama ya kirusi cha kompyuta, na wapo wanaoamini kuwa ndiyo namba kubwa kuliko zote ambayo kompyuta inaweza kuifikia. Walioshika hisabati kidogo huongeza dai la kuvutia zaidi: kwamba namba hii ilichaguliwa na watengenezaji wa kompyuta kwa sababu ni namba tasa. Dai hilo nusu yake ni kweli, na ndiyo maana ni gumu kuling'oa. Namba hii ni tasa, na jambo hilo lilithibitishwa mwaka 1772, zaidi ya karne moja na nusu kabla ya kompyuta ya kwanza ya kielektroniki. Lakini haikuchaguliwa kwa sababu hiyo, na kwa hakika haikuchaguliwa na mtu yeyote.

Maneno machache ya kuanzia

Namba tasa ni namba nzima kubwa kuliko 1 ambayo haigawanyiki bila baki isipokuwa kwa 1 na kwa yenyewe. Namba 7 ni tasa, na 31 pia. Namba 91 humdanganya mwanafunzi kwa sura yake, lakini si tasa, kwa kuwa ni 7 mara 13. Hizo 7 na 13 huitwa vigawo vyake. Kipeo ni njia fupi ya kuandika kuzidisha kunakojirudia: 2 kwa kipeo cha 5 maana yake ni mbili tano zilizozidishwa pamoja, yaani 32. Na kizio cha mbili ni namna ya kuandika namba kwa kutumia tarakimu mbili tu, 0 na 1, badala ya zile kumi tulizozoea.

Katika kizio cha kumi, namba ya mwisho kabla ya kuhitaji tarakimu mpya huandikwa kwa tisa tupu: 9, 99, 999. Kila moja ni pungufu kwa moja tu ya kipeo cha kumi. Katika kizio cha mbili tarakimu kubwa kuliko zote ni 1, kwa hiyo namba za namna hiyo huandikwa kwa moja tupu: 3 huandikwa 11, 7 huandikwa 111, na 15 huandikwa 1111. Kila moja ni kipeo cha 2 kilichopunguzwa moja.

Sasa chukua 2 kwa kipeo cha 31. Jibu ni 2,147,483,648. Toa moja, na namba yetu imepatikana. Ikiandikwa kwa tarakimu za kawaida inafanana na namba iliyookotwa tu njiani. Ikiandikwa kwa kizio cha mbili ni moja thelathini na moja zilizopangwa mstari mmoja, bila sifuri hata moja kati yake. Umbo hilo ndilo chanzo cha sifa zake zote mbili: ile ya kwenye kompyuta na ile ya kwenye hisabati. Sifa hizo ni kama watoto wa mama mmoja waliolelewa mbali, na kosa la watu wengi ni kudhani kwamba mmoja amemzaa mwenzake.

Kwa nini kompyuta hugota hapo

Kompyuta huhifadhi namba katika visanduku vyenye idadi maalumu ya nafasi. Kila nafasi huitwa biti na hubeba 0 au 1. Kwa miaka mingi kisanduku cha kawaida cha kuhifadhia namba nzima kilikuwa na biti 32, na programu nyingi mno bado hutumia ukubwa huo. Biti 32 zinaweza kupangwa kwa namna 4,294,967,296 tofauti. Hata hivyo programu huhitaji namba hasi pia, kwa mfano pale salio linapokuwa deni, kwa hiyo mipangilio hiyo hugawanywa nusu kwa nusu: yote inayoanza na biti ya 1 huwakilisha namba hasi, na yote inayoanza na biti ya 0 huwakilisha sifuri na namba chanya. Zikibaki biti 31 za kubeba kiasi chenyewe, kubwa kuliko zote ni ile ambayo biti zote 31 ni moja. Ndiyo hiyo namba yetu. Upande wa hasi hufika hadi −2,147,483,648, moja zaidi, kwa sababu sifuri imechukua nafasi moja katika kundi la chanya.

Kinachotokea ukiongeza moja juu ya kikomo hicho hutegemea programu. Programu nyingine hukataa na kutoa taarifa ya kosa. Nyingine hubaki palepale, kama ule mchezo wa kijana ambao alama zimegota. Na nyingine hugeuka ghafla na kuonyesha −2,147,483,648, kwa kuwa ile moja ya ziada imesukuma biti zote 31 hadi sifuri na kuwasha biti ya mwanzo, ambayo ni ya alama ya hasi. Yaani mtu aliyekuwa tajiri kupita wote kwenye mchezo anajikuta mdaiwa kupita wote kwa kuokota sarafu moja.

Kisa cha namba ya simu kinaeleweka kwa urahisi baada ya hapo. Namba ya simu ya Tanzania ikiandikwa kimataifa huanza na 255 na kufuatiwa na tarakimu tisa. Ya Kenya huanza na 254. Ikisomwa kama namba ya kawaida, namba ya namna hiyo ni zaidi ya bilioni 250, zaidi ya mara mia ya kile ambacho kisanduku cha biti 32 kinaweza kubeba. Mtengenezaji asiye makini akitenga kisanduku hicho kwa ajili ya namba za simu, baadhi ya mifumo ya kanzidata haitakataa wala kulalamika. Itaandika tu kile kikubwa inachoweza, na kila mteja atapewa 2147483647. Nchini Marekani mkanganyiko ni mkubwa zaidi, kwa sababu huko namba za simu zina tarakimu kumi na 214 ni msimbo wa simu wa eneo la Dallas, Texas, kwa hiyo kosa hilo hujionyesha kama namba ya kweli ya mkazi wa mji huo. Hakuna tapeli hapo. Dawa yake ni kukumbuka kwamba namba ya simu si kiasi cha kitu. Hakuna anayejumlisha namba mbili za simu, basi zihifadhiwe kama maandishi. Faida ya ziada ni kwamba ile sifuri ya mwanzo ya 07 haitapotea.

Fedha zinastahili uangalifu zaidi, hasa katika nchi zetu. Bilioni mbili na ushei za dola ni fedha za makampuni makubwa, lakini shilingi 2,147,483,647 za Tanzania au Uganda ni kiasi ambacho mkataba wa barabara ya wilaya unaweza kukipita. Tena mifumo mingi ya malipo huhifadhi fedha kwa senti ili kuepuka desimali, na hapo kikomo hushuka hadi shilingi 21,474,836 na senti 47. Hiyo ni bei ya gari lililotumika. Mfumo uliobuniwa kwa kufikiria dola au yuro, ukiletwa hapa bila kupimwa upya, unaweza kufanya kazi vizuri kwenye majaribio ya maelfu na malaki, kisha ukaanguka siku mteja wa kwanza mwenye biashara ya maana atakapoingia.

Makampuni makubwa hayakusalimika. Mwisho wa mwaka 2014 video ya muziki ya PSY, mwanamuziki wa Korea Kusini, ilitazamwa YouTube kupita mara 2,147,483,647, na kampuni hiyo ikatangaza kwamba kihesabio chake kilikuwa kimehamishiwa kwenye biti 64. Mwaka uliofuata mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani iliagiza kwamba ndege za Boeing 787 zisiachwe zikiwa zimewashwa umeme mfululizo kwa siku 248, kwa kuwa kihesabio ndani ya mitambo inayodhibiti jenereta zake kingefurika na umeme wote ungeweza kukatika. Ukihesabu kwa sehemu za mia za sekunde, yaani hesabu 100 kwa kila sekunde, 2,147,483,647 hufikiwa baada ya siku 248 na nusu hivi. Msomaji aishike hiyo 248, kwa maana itarudi kwa njia isiyotarajiwa.

Asubuhi ya Januari 2038

Mifumo mingi ya kompyuta huhesabu wakati kwa sekunde zilizopita tangu tarehe 1 Januari 1970 ianze kwa saa za kimataifa. Sekunde 2,147,483,647 ni sawa na miaka 68 na siku 18 na saa tatu na ushei. Kwa hiyo kihesabio cha biti 32 kitajaa Jumanne, tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi kwa saa za Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Kigali, Bujumbura na Lubumbashi itakuwa saa kumi na moja na dakika 14 alfajiri. Sekunde inayofuata, mfumo usiorekebishwa utageuka upande wa hasi na kuamini kwamba ni tarehe 13 Desemba 1901.

Je, kompyuta zote zitazimika? Hapana. Simu na kompyuta za sasa karibu zote huhesabu wakati kwa biti 64, na kihesabio cha namna hiyo kitatosha kwa miaka bilioni 292 hivi. Kiini cha mfumo wa Linux kilikamilisha maandalizi kwa ajili ya mashine zake za biti 32 mwaka 2020. Wasiwasi halali uko kwenye vifaa vidogo vilivyofichwa ndani ya vitu vingine na ambavyo hakuna anayekumbuka kuvisasisha: mita, mitambo ya viwandani, vidhibiti vya milango, vifaa vya mawasiliano vilivyofungwa miaka mingi iliyopita. Tena tatizo halisubiri 2038. Programu ya benki inayopanga marejesho ya mkopo wa nyumba wa miaka 20 tayari inalazimika kuandika tarehe zilizo ng'ambo ya kikomo hicho.

Kutoka kwa mtawa wa Paris hadi kwa Euler

Tukiacha kompyuta, tunaikuta namba hii katika mazungumzo ya zamani zaidi. Wanahisabati walikuwa wameona kwamba namba za umbo la kipeo cha 2 kilichopunguzwa moja mara nyingi huwa tasa: 3, 7, 31, 127. Waliona pia kwamba kipeo chenyewe kisipokuwa tasa, jibu nalo haliwi tasa. Kwa mfano 2 kwa kipeo cha 4 kupunguza moja ni 15, ambayo ni 3 mara 5. Kosa lililokaa muda mrefu lilikuwa kudhani kwamba kila kipeo tasa hutoa jibu tasa. Si hivyo. Kipeo cha 11 kinatoa 2,047, na hiyo ni 23 mara 89.

Mwaka 1644 mtawa Mfaransa Marin Mersenne alitoa orodha ya vipeo alivyodai vinatoa namba tasa, hadi 257. Alikosea mara tano: aliweka 67 na 257 ambavyo havifai, na kuacha 61, 89 na 107 vinavyofaa. Lakini kwa kipeo cha 31 alikuwa sahihi, ingawa hakuonyesha uthibitisho wowote, na namba za umbo hili zimebaki na jina lake hadi leo. Kwa kipeo cha 67 ilibidi kusubiri hadi 1903, ambapo Mmarekani Frank Nelson Cole alionyesha vigawo vyenyewe: 193,707,721 na 761,838,257,287.

Uthibitisho wa kipeo cha 31 uliletwa na Leonhard Euler, Mswisi aliyekuwa akifanya kazi St. Petersburg, wakati ambapo macho yake yalikuwa karibu yameishiwa nuru kabisa. Inafaa tuufuate, kwa sababu unaonyesha kazi hasa ya hisabati: kupunguza hesabu, wala si kufanya hesabu nyingi.

Njia ya moja kwa moja ya kujua kama namba ni tasa ni kuigawa kwa kila namba tasa ndogo hadi kwenye kipeuo chake cha pili. Hakuna haja ya kupita hapo, kwa kuwa namba ikiwa na vigawo viwili, kimoja lazima kiwe kidogo kuliko kipeuo hicho au sawa nacho. Kipeuo cha pili cha namba yetu ni 46,340 na sehemu. Chini ya hapo kuna namba tasa zaidi ya 4,700, na kugawanya kwa mkono namba ya tarakimu kumi mara hizo zote ni kazi ya kumkatisha tamaa hata mwenye macho mazima.

Euler alitumia ugunduzi wa Pierre de Fermat wa karne iliyotangulia. Chukua namba tasa yoyote witiri, tuseme 23, kisha gawa vipeo vya 2 kwa hiyo na uandike mabaki tu: 2, 4, 8, 16, 9, 18, 13, 3, 6, 12, 1. Ukifika 1, mabaki huanza upya kwa mpangilio uleule. Mzunguko huu una hatua 11, na Fermat aligundua kwamba urefu wa mzunguko daima hugawanya ile namba tasa iliyopunguzwa moja. Hapa 23 kupunguza 1 ni 22, na 11 inaigawa 22. Kwa lugha nyingine, 23 inaigawa 2,047 kwa sababu mzunguko wake una urefu wa 11.

Sasa tuseme kuna namba tasa inayoigawa namba yetu. Hapo 2 kwa kipeo cha 31 ikigawanywa kwa hiyo itabakiza 1, kwa hiyo urefu wa mzunguko lazima uigawe 31. Lakini 31 yenyewe ni tasa, na mzunguko hauwezi kuwa na hatua moja tu, kwa hiyo urefu wake ni 31 kamili. Basi namba hiyo tasa ikipunguzwa moja inagawanyika kwa 31, na kwa kuwa ni witiri inagawanyika kwa 2 pia. Yaani kigawo chochote tasa cha 2,147,483,647 lazima kiwe moja zaidi ya zao la 62. Kwa pigo moja, karibu namba tasa zote ndogo zimeondolewa bila kugawanya hata mara moja: 3, 5, 7, 11, 13 na nyingi nyingine hazina hata haki ya kujaribiwa.

Kanuni nyingine inasema kwamba kigawo cha namna hiyo kikigawanywa kwa 8 lazima kibakize 1 au 7. Ukiziunganisha kanuni hizi mbili, vinavyobaki ni vile tu ambavyo vikigawanywa kwa 248 hubakiza 1 au 63. Hiyo 248 imetokana na 8 mara 31, na haina uhusiano wowote na siku 248 za ndege ya Boeing. Ni sadfa tupu, ila nimekutana na watu walio tayari kujenga juu yake nadharia nzima. Chini ya 46,341 kuna namba 373 za namna hiyo, na nyingi si tasa, kwa hiyo zinaondoka zenyewe. Ya kwanza inayostahili kujaribiwa ni 311, ya pili ni 1,303. Zilizobaki zote ni chini ya mia moja. Euler alizijaribu, hakuna iliyogawanya bila baki, na mjadala ukafungwa.

Leo kuna njia fupi zaidi, iliyotokana na kazi ya Mfaransa Édouard Lucas na baadaye Mmarekani Derrick Lehmer. Anza na 4, izidishe kwa yenyewe, toa 2, na kama jibu limezidi namba yetu ligawe na ubakize baki, kisha rudia. Unapata 14, 194, 37,634, 1,416,317,954, na kuendelea. Baada ya hatua 29 jibu likiwa sifuri, namba ni tasa. Linakuwa sifuri.

Majirani wa namba hii nao wana tabia yao. Inayoifuata, 2,147,483,648, haina kigawo tasa kingine isipokuwa 2 peke yake. Inayoitangulia, 2,147,483,646, imejaa vigawo: ni 2 mara 3 mara 3 mara 7 mara 11 mara 31 mara 151 mara 331. Kuwepo kwa 31 humo si bahati, ni ile kanuni ya Fermat ikijionyesha tena.

Kuna na sifa nyingine iliyowavutia watu tangu enzi za Wagiriki. Namba huitwa timilifu ikiwa ni sawa na jumla ya vigawo vyake vyote vidogo kuliko yenyewe: 6 ni 1 na 2 na 3, 28 ni 1 na 2 na 4 na 7 na 14. Euclid alionyesha kwamba kila namba tasa ya umbo tunalolizungumza huzaa namba timilifu moja. Yetu ikizidishwa kwa 2 kwa kipeo cha 30 hutoa 2,305,843,008,139,952,128, ambayo ni timilifu ya nane. Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kwamba hiyo ndiyo kubwa kuliko zote zitakazowahi kugunduliwa, kwa kuwa namba hizi ni za kustaajabisha tu bila manufaa na hakuna atakayejisumbua kutafuta nyingine. Mwaka 1876 Lucas alithibitisha kwamba 2 kwa kipeo cha 127 kupunguza moja, yenye tarakimu 39, ni tasa, na hivyo akaipita. Watu hawajaacha kujisumbua tangu hapo: ile iliyopatikana Oktoba 2024, kwa kipeo cha 136,279,841, ina tarakimu 41,024,320.

Sadfa, na mahali sifa mbili zinapokutana

Turudi kwenye dai la mwanzo, kwamba kikomo cha kompyuta kiliwekwa kwenye namba tasa kwa makusudi. Njia rahisi ya kulipima ni kutazama visanduku vya ukubwa mwingine. Kisanduku cha biti 8 kina kikomo cha 127, ambayo ni tasa. Cha biti 16 kina 32,767, ambayo si tasa: ni 7 mara 31 mara 151. Cha biti 64 kina 9,223,372,036,854,775,807, ambayo inagawanyika kwa 7 mara mbili na bado ina vigawo vingine kadhaa. Kama utasa ungekuwa sharti, visanduku viwili kati ya hivyo vinne visingekuwepo. Ukubwa wa visanduku umefuata kuongezeka maradufu, 8, 16, 32, 64, kwa sababu za ujenzi wa mashine. Kwamba 32 kutoa moja ni 31, na kwamba kipeo cha 31 ni miongoni mwa vipeo vichache vinavyofaa, ni bahati.

Ila bahati hiyo iliwahi kutumiwa. Programu za michezo na za utafiti huhitaji namba zinazoonekana kutokea kiholela, na mwaka 1988 Stephen Park na Keith Miller walipendekeza njia moja nyepesi iwe kipimo cha chini ambacho kila kompyuta ingepaswa kukifikia: chukua namba, izidishe kwa 16,807, gawa kwa 2,147,483,647, baki lake ndilo namba mpya. Ukianza na 1 unapata 16,807, kisha 282,475,249, kisha 1,622,650,073. Hapa utasa una kazi ya kweli. Kwa kuwa kigawanyi ni tasa, baki haliwezi kamwe kuwa sifuri, na kwa kuwa 16,807, yaani 7 kwa kipeo cha 5, ni kizidishi kilichochaguliwa vizuri, mfululizo hupitia kila namba kuanzia 1 hadi 2,147,483,646 kabla ya kujirudia. Na kwa kuwa kigawanyi hicho ndicho kikomo cha kisanduku cha biti 32, kila baki huingia kisandukuni bila kumwagika. Njia hiyo haifai kutengenezea nywila wala kuendeshea michezo ya kubahatisha ya fedha, kwani mtu akiona namba moja tu anaweza kukokotoa zote zinazofuata. Lakini lugha ya programu ya C++ bado inaibeba.

Mwanafunzi anayejaribu kuiandika mwenyewe hukwama hatua ya tatu. Baki linaenea kisandukuni, lakini zao lililo katikati ya hesabu halienei: 282,475,249 mara 16,807 ni zaidi ya trilioni nne. Kisanduku kinafurika kabla kugawanya hakujaanza, na anachopata ni namba isiyo sahihi. Kwenye mashine ya biti 64 tatizo halipo. Kwenye ya biti 32 suluhisho, lililobuniwa na Linus Schrage, ni kuivunja namba yetu kuwa 127,773 mara 16,807 na kuongeza 2,836, kisha kuifanya hesabu kwa vipande viwili ambavyo hakuna kinachovuka kikomo. Anayetaka kujua kama amefaulu aanze na 1, aiendeshe programu hatua 10,000, na jibu lazima liwe 1,043,618,065.